Ndege wa Mguu Mmoja

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Sekela, rafiki yangu, ameshaisimulia kwaya nzima, na kwenye simulizi yake mimi nalia. Sikulia.

Nilikuwa nimechumbiwa na Ambokile, na kwetu Wanyakyusa binti hakutani na baba mkwe wake: hampiti njia moja, hamuongei, jina lake hulitaji, na ikitokea umemwona unachuchumaa na kujifunika kichwa mpaka apite. (Cheka tu, lakini bibi yangu wa Tukuyu alishaniambia nikivunja mwiko huo kabla ya harusi ng'ombe wa mahari watarudishwa, na yeye hatanitetea.) Kikao cha kupanga tarehe ya harusi kilikuwa Jumapili.

Basi Jumamosi yake asubuhi Sekela akatuburuza wasichana wenzake kwenye bustani moja ya mjini Mbeya kuangalia ndege, jakaranda zimechanua, baridi inauma, darubini moja watu sita, na mimi kwa kiherehere changu nikaing'ang'ania niwe wa kwanza, nikaona kitu kichakani, na badala ya kutulia nikapaza sauti: "Nimempata! Mkubwa, kifua cha kahawia, kasimama kwa mguu mmoja!"

Alikuwa baba mkwe. Amekuja mjini kwa ajili ya kikao, kavaa sweta la kahawia, anatoa kokoto kwenye kiatu.

Nikachuchumaa palepale. Kanga sina, nimevaa suruali (suruali!), nikajifunika kwa mfuko wa maandazi. Wenzangu wakadhani ndivyo ndege wanavyoviziwa, wakachuchumaa wote. Naye mzee, mtu wa mila, alipoona nilivyojifunika akajua ni mimi, akajibanza nyuma ya mti, kwa sababu njia ya kutokea ilipita pale tulipo. Tukakaa hivyo, yeye kwake, sisi kwetu, mpaka miguu ikafa ganzi.

"Dada," Sekela akaninong'oneza, "huyo ndege anaruka saa ngapi?"

Mara mlinzi wa bustani akamwona mzee anachungulia. "We mzee! Unawachungulia mabinti wa watu? Twende ofisini!"

Mzee kimya, maana kujieleza ni kunitaja mimi. Akaanza kuongozana naye, kichwa chini, watu wanamkodolea macho, na moyo ukaniuma kuliko nilivyomwogopa bibi. Nikasimama na makombo yangu kichwani, nikapiga kelele bustani nzima ikasikia: "Mwache! Huyo ni baba mkwe wangu!"

Mlinzi akamwachia. Mimi nikageukia mti, nikautazama mpaka mzee akapita, nikarudi nyumbani nikijua sina harusi.

Kesho yake Ambokile akapiga simu kutoka kwenye kikao. Tarehe imepangwa.

"Na baba je?" nikauliza.

"Baba kasema jana hakukutana na mtu yeyote."

Nikashusha pumzi.

"Halafu kasema nimwambie binti, mguu wa pili ulikuwepo."

Tangu siku hiyo ndege simtangazi mpaka nimhesabu miguu.