Mjukuu Aliyefika kwa Vipande

Kosa langu lilikuwa mdomo. Sikukuu ya mwaka mpya nilikwenda nyumbani Misungwi, na baada ya kushiba nikawatangazia ndugu zangu wote kwamba ofisini kwetu Mwanza kuna kompyuta inayoona dunia nzima. Nilisema "inaona", kwa hiki kinywa changu. Ukweli ni kwamba ilikuwa inasoma tu, lakini pale nyumbani nani angenibishia?

Kazi ya ofisi yetu ilikuwa kuvitafutia viwanda vya minofu wanunuzi wa sangara huko Ulaya. Enzi hizo za soko huria kila mtu mjini alikuwa anamtafutia mwenzake kitu. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, na peke yangu ndiye niliyejua kuiunganisha kompyuta na laini ya simu. Programu tuliyosomea mtandao ilikuwa ya maandishi matupu: kioo cheusi, herufi za kijani, basi. Penye picha paliandikwa neno la Kiingereza la "picha" ndani ya mabano, na picha yenyewe huioni ng'o. Wageni walipokuja kushangaa, sikuwa tayari kuaibika. Niliwasimulia. "Hapa kuna mnara," nawaambia, "hapa kuna theluji, watu wamevaa makoti mazito." Wanaguna, wanatikisa vichwa, wanaondoka wameridhika. Nilisimulia mpaka nikaanza kuamini kwamba nimeona.

Basi asubuhi moja mama akaingia ofisini, ametoka Misungwi na basi la kwanza, mwavuli kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niwashie hiyo kompyuta yako. Nimekuja kumwona mjukuu wangu akitikisika."

Kaka yangu alikuwa masomoni ng'ambo na huko alikuwa amepata mtoto wa kiume, wa kwanza. Kwetu mtoto huyo ilikuwa achukue jina la babu yake, yaani baba yetu, ambaye tulimzika miaka minne kabla, kaka akiwa huko huko, hakuwahi mazishi. Mwenye kulitoa jina alikuwa mama, na mama alikuwa amegoma. Alitumiwa picha ya mtoto amelala, akaitazama, akairudisha kwenye bahasha. "Mtu wangu mmoja nilimwona mara ya mwisho ametulia hivi hivi," alisema. "Inatosha. Huyu nitampa jina nikimwona anatikisika." Mtoto akafikisha miezi tisa, nyumbani tunamwita Mtoto, na kaka anaandika barua za kulia. Ya mwisho ilisema ameweka kwenye ukurasa wake wa mtandao picha inayocheza, mtoto anapunga mkono, kwa hiyo mama aende kwangu, maana kompyuta yangu inaona. Asante sana, kaka.

Nikaunganisha simu. Kompyuta ikalia, ikakoroma, ukurasa ukafunguka. Juu, salamu. Katikati, mabano. Chini, maneno kwamba mwanetu anawapungia.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Huyu hapa." Nikagusa mabano.

"Hapa wapi?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasimulia. "Anapunga, mama! Loo, anacheka huyo! Amevaa kisweta cha njano."

"Ana nywele?"

"Nyingi tu."

"Kaka yako ameniandikia hana hata unywele mmoja."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akakitazama kile kioo cheusi kwa muda mrefu. "Kiingereza sikijui," akasema, "lakini macho ninayo. Wewe unamdanganya mama yako mchana kweupe?" Halafu akasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba basi atarudi na gari la saa nane, na jina atakwenda nalo.

Nilijisikia mdogo kama dagaa. Lakini hasira nayo ilinipanda, hasira ya kujikasirikia, na ndiyo iliyonikumbusha kwamba ile programu, ingawa haikuweza kuionyesha picha, iliweza kuivuta na kuihifadhi. Nikabonyeza. Tarakimu zikaanza kupanda polepole.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mtoto anakuja, mama. Anakuja kwa vipande."

"Mayo! Kwa vipande?"

"Ataungana, usiogope."

Alipokwisha kufika nikamtia kwenye disketi, nikampeleka chumbani kwa bosi, kwenye kompyuta yenye rangi ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Mama nikamkalisha kwenye kiti cha bosi, sikuona kingine. Picha ikaanza kujichora kutoka juu: upara, paji, macho, pua. Mama akashika kifua. Kidevu kikaja, kisweta kikaja, cheupe, halafu mkono mmoja umenyanyuliwa. Ukabaki hivyo hivyo.

"Mbona hatikisiki?"

Nikabonyeza huku na kule. Picha zilikuwa kumi na mbili ndani ya ile moja, na zilifunguka kila moja kivyake, lakini ile kompyuta ilikuwa goigoi. Mpaka ichore ya pili kuanzia upara mpaka kisweta, ya kwanza ilikuwa imeshasahaulika. Mama aliona watoto kumi na wawili, wote wametulia. Machozi yakaanza kumlengalenga. Na hapo hapo bosi akaingia.

Nilijua kazi sina. Bosi alimwona mama kwenye kiti chake, akaniona mimi, akafungua mdomo. Mama akamtazama tu. "Shikamoo mama," bosi akasema, akaweka mkoba chini.

Nikamweleza haraka haraka, jina, mtoto, saa nane. Alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Shuleni ninyi hamkuwa mnachora pembeni mwa daftari? Mtu anakimbia?"

Jamani! Nani hakuchora! Kila ukurasa mtu mmoja, unaachia kurasa kwa kidole gumba, mtu anakimbia mpaka mwalimu akunyang'anye daftari. Tukachapa picha zote kumi na mbili. Printa ilipiga kelele ya kusaga mahindi, mtoto akatoka wa vitone vyeusi. Mimi nikakata kwa mkasi, bosi akabana kwa stepla. Akabana bila mpangilio. Tulipojaribu, mtoto alirusharusha mkono utadhani anafukuza nyuki.

"Huyo ana homa," mama akasema.

Tukabandua pini, tukapanga upya juu ya sakafu, bosi amepiga magoti na tai yake, tunabishana kama ya saba inatangulia ya nane. Tukabana tena. Nikampa mama.

Akakishika kile kijitabu, akaachia kurasa kwa kidole gumba. Mkono ukapanda, ukashuka, ukapanda. Akarudia. Akarudia tena, polepole, kisha haraka.

"Marahaba, mume wangu," akasema.

Bosi akacheka, maana bibi gani asiyemwita mjukuu wake mume. Mama hakucheka. "Marahaba," akasema tena, na kila mkono ulipopanda aliitikia, mpaka bosi naye akaacha kucheka akageukia dirishani.

"Mwandikie kaka yako," mama akaniambia. "Mwambie nimempa."

"Umempa nini, mama?" Nilitaka alitamke. Tangu mazishi nyumbani kwetu tulikuwa tunasema "marehemu" tu.

Akalitamka jina la baba, kwa sauti kubwa, sauti ya kumwita mtu aliye shambani.

Nikarudi kwenye kioo cheusi kuliandika, mama akinifuata. Ni jina la herufi sita, na nilikosea mara mbili, nalia kama mtoto, sioni vibonyezo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sasa mwite, nisikie."

Nikaliita jina la baba yangu. Mama, kijitabu mkononi, akapandisha ule mkono mdogo, akaitikia kwa niaba ya mtoto:

"Naam."