Managu ya Nyuma ya Tangi

Mke wangu Wakonyo aliuza mboga za porini pale Witeithie, kando ya barabara, hadi miguu ilipokataa. Hakusoma. Mimi pia sikusoma. Managu, ile mboga chungu wengine huiita mnavu, aliijua kwa mdomo: anatafuna jani bichi, anatema, anasema, "Hii ni ya kula," ama, "Hii achia mbuzi."

Iliposhinda ulimi wake hakudanganya mteja. Managu haina sura moja. Ya kivulini ina majani mapana kama tumbaku, ya juani ina majani madogo yenye meno. Nafuna, aliyeuza kando yake, alikuwa akimtania, "Mama Tabby, leo umeleta managu na wajomba wake wote!" Wakonyo anacheka. Halafu anachukua mbegu za ile anayoshuku na za ile anayojua, anazipanda mstari mmoja, jua moja. "Zikae pamoja," anasema. "Tutaona."

Alikufa mvua ikianza. Nyuma ya tangi la maji, pale alipokuwa akitupa mabaki ya mboga, managu ikaota. Majani mapana, shina la zambarau. Sikuijua.

Binti yetu Tabby akaja kutoka Membley na panga kwa buti ya gari.

"Baba, hii ni ile ya sumu. Watoto wangu wanacheza hapa. Nafyeka."

"Hufyeki."

"Haiya! Unataka tukuzike na wewe?"

"Hii ni shamba ya mama yako."

Akalia. Mimi nilisimama mbele ya tangi mpaka akarudisha panga kwa gari.

Nikafanya kama Wakonyo. Nikakamua matunda, nikakausha mbegu kwa jivu, nikazipanda mbele ya nyumba pamoja na za managu ya kawaida. Jirani yangu Njau akapita.

"Mzee, siku hizi unapalilia magugu?"

"Napalilia ninachotaka."

Zikaota. Nyingi za nyuma ya tangi zilitoa majani madogo, shina la kijani, sawa na zile zingine. Kumbe kivuli ndicho kilichozibadilisha. Lakini chache zilibaki na zambarau yao hata juani. Nikamwita Tabby. Akainama, akashika shina.

"Si nilikwambia, Baba?"

"Uliniambia nusu."

Tukachuma zilizofanana na za kawaida. Nikatafuna jani, nikatema. Tabby akazipika na terere, mchicha wetu, akamwagia maziwa. Tukala.

Zile za zambarau nimezizungushia waya, watoto wasifike. Watu wa hapa kwetu Kalimoni wanasema msiba umenipanda kichwani. Waseme. Wakonyo hakung'oa kitu kabla ya kukijua, na mimi sing'oi. Mvua ikirudi nitazipanda tena.

Juzi Tabby aliniuliza zinaitwaje.

"Bado," nikamwambia. "Na panga lako liache Membley."