Mawese Ndani ya Kompyuta

Najua mtacheka, na sitawalaumu, maana hata leo nikipita soko la Kasongo wapo wanaoniuliza kama chakula kimeiva, nami najifanya sisikii huku masikio yananiwaka.

Siku ile baba yake Zaina na wajomba zake wawili walikuwa wanakuja kutoka Wamaza kuniangalia kama nafaa kumwoa binti yao. Kazi yangu ni kuwachapia watu barua nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu (ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi bado inajikusanya), na nilitaka iwafungulie picha za Zaina chapuchapu, wajue wamepata mkwe fundi. Kwa hiyo asubuhi hiyohiyo, badala ya kufagia uwanja kama watu wenye akili, nikaifungua, nikatoa prosesa, yaani ubongo wake, nikaweka nyingine yenye mbio zaidi niliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa ya rafiki yangu.

Sasa, kati ya prosesa na feni yake hupakwa dawa ya kupitisha joto, na yangu ilikuwa imekauka kabisa. Nikawaza, mawese si yanapitisha moto kila siku jikoni? Nikapaka kijiko kizima (nilitaka mbio, jamani).

Wageni wakaketi mkekani, kisanduku cha kompyuta kando yao. Nikawasha jenereta, na kompyuta ikafunguka haraka, picha ya Zaina ikajaa kiooni, mpaka nikajipongeza kwa sauti. Kumbe feni nayo ilikuwa inapuliza, na harufu ya mawese ya moto ikajaa nyumba nzima. Baba Zaina akafumba macho kwa raha.

"Alhamdulillahi, kumbe mulitupikia! Leteni maji tunawe."

Wakanawa wote watatu. Kwetu mgeni akishanawa humwambii ajipanguse tu, na mama alikuwa ameandaa chai tu, majani ya muhogo ya kupika sombe bado yako shambani. Akanivutia mlangoni.

"Wewe mutoto, ni nani iko napika?"

"Mama... ni kompyuta."

Kabla hajanizaba kofi, moshi ukatoka, picha ya Zaina ikazimika, na mawese mekundu yakachuruzika chini ya kisanduku, polepole, mpaka kwenye kanzu nyeupe ya baba yake. Nikaona mke ndiye huyo ananiponyoka. Mzee akachovya kidole (kilichonawa vizuri), akanusa, akalamba.

"Mawese muzuri," akasema. "Lakini hii mashini iko natupikia nini?"

Nikaeleza yote. Wajomba walicheka hadi mmoja akalala mkekani, lakini mzee hakucheka, alifuta kidole kwenye kanzu hiyohiyo, nami nikatamani ardhi ipasuke.

"Mutoto yangu, binti nitakupa. Ila kupika, umuachie yeye."

Tukaoana. Niliapa kwamba jikoni na kompyuta havitakutana tena mikononi mwangu, na nimetimiza, ingawa Zaina hajaniamini mpaka leo: nikigusa bisibisi tu, anainuka kimya na kwenda kuficha chupa ya mawese.