Kozi Tatu za Juu

Mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa kuwa ukuta wake haukuwahi kwenda upande. Alishika mwiko tangu ndevu hazijaota. Alijenga shule, vyoo na nyumba za watu. Lakini kazi iliyomkera kuliko zote ilikuwa ukuta wa kuzungushia tangi kubwa kwenye depo ya mafuta, kando ya mto. Tangi lenyewe chuma kitupu, nani angeliiba?

Alijenga hivyo hivyo, akamaliza, ukapigwa rangi nyeupe. Ndipo akaja mkaguzi wa serikali, mama mfupi mwenye miwani, kitabu cha sheria kwapani. Mafundi walikwisha kumbatiza Mama Kifungu. Akapima urefu, akapima upana, akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja.

"Fundi, ongeza kozi tatu za tofali juu."

"Mama, ukuta umeisha. Hata rangi tumeshapaka!"

"Sheria inataka ukuta ubebe mafuta yote ya tangi, na sehemu ya kumi juu yake. Wako unabeba mafuta tu. Mvua ikiwa imetangulia, je?"

"Sasa tangi litapasukaje, mama? Kwani yai?"

Mama Kifungu hakucheka. "Na lile tundu la maji ya mvua pale chini lizibe. Maji yatoke kwa koki, na koki itiwe kufuli."

Timazi akapandisha kozi tatu huku akinung'unika. Jioni alimwambia mkewe kwamba duniani kuna watu wanaolipwa kumalizia wenzao saruji.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Asubuhi moja, baada ya wiki nzima ya mvua, Timazi alikuwa akipiga lipu zahanati iliyo mlimani, juu ya depo, akasikia mlio kama shuka kubwa linachanwa. Kiungo cha chini cha tangi kilikuwa kimeachia, upenyo wa kuingiza mkono, na mafuta yakatoka kwa nguvu. Wafanyakazi walikimbia wote salama, umeme ukakatwa, askari wakafunga njia. Timazi akabaki pale pale juu ya jukwaa, mwiko mkononi, akiutazama ukuta wake.

Mafuta yakapanda juu ya maji ya mvua yaliyokuwa humo ndani ya ukuta. Yakala kozi moja, ya pili, ya tatu. Alikuwa akizihesabu bila kujua kwamba anahesabu. Adhuhuri yakafika pale ilipoishia ile rangi nyeupe ya kwanza, yakapita. Yakamaliza kozi ya kwanza ya nyongeza, yakaingia ya pili. Katikati ya ile ya tatu, yakatulia.

Ziwa jeusi, limetulia tuli, mawingu yakipita ndani yake. Na upande wa pili wa ukuta, unene wa tofali tu, majani yalikuwa mabichi. Chini zaidi mto ulikuwa ukienda zake, na mama mmoja ng'ambo anasuuza mashuka wala hana habari. Timazi akaweka mwiko chini.

Siku ya tatu askari walimruhusu kuingia depo. Alimkuta Mama Kifungu, nywele zimekuwa mvi, akimsikiliza meneja wa depo.

"Kosa si letu," meneja alikuwa akisema. "Ni la waliochomelea."

"Sheria haianzi kuuliza nani kakosea. Mafuta ya nani?"

"Yetu."

"Basi kuyafyonza ni juu yenu, na udongo ulioloa ni wenu kuuchimba. Mkimaliza, mkamateni mchomeleaji wenu."

Meneja akaenda kuita pampu.

"Mama, unanikumbuka?" Timazi akauliza.

"Ukuta naukumbuka."

"Ile sehemu ya kumi, nani aliiandika?"

Akavua miwani, akaifuta. "Simjui, fundi. Watu fulani, katika chumba fulani. Nadhani mto wao ulikuwa umeshakufa."

Timazi akaweka kiganja ukutani. Kulikuwa na baridi, na kukavu.

Mama Kifungu alimwazima kile kitabu cha sheria. Jumapili mkewe akamsomea, maana macho ya Timazi yalikuwa yameanza kumsaliti kwenye herufi ndogo. Walifika kwenye ngazi za matangi: upana wa kila kidato, kimo cha vyuma vya kushikilia.

"Mume wangu, haya nayo unayataka? Ni ngazi tu."

"Soma, mama," alisema Timazi. "Soma polepole."