Sanduku la Bibi Warde

Mimi sipendi mtu anayekaa nyumbani kwa watu kama abiria. Bibi Warde alikaa hivyo hivyo kwa majirani zangu, Mama Samiri na mumewe Tanusi, Walebanoni waliokuwa wakitengeneza matrekta ya wakulima wa ngano hapa Karatu. Vita vya kwao vilipopamba moto, mwaka sabini na sita, Tanusi alimleta huyo mama yake. Sanduku lake Bibi akaliweka mlangoni. Anachomoa gauni, analifua, analirudisha ndani, anafunga. Chakula anadonoa tu. Akakonda, mpaka Mama Samiri akaja kulia jikoni kwangu.

"Mama Germana, huyu mama atanifia mkononi!"

Krismasi ikakaribia. Kila mwaka Mama Samiri huazima kinu changu cha makande, eti atwange nyama! Nyama mbichi, jamani, na ngano iliyochemshwa ikaanikwa. Mara ya kwanza nilimfokea. Nikaja kuonja, nikaomba tena. Tangu hapo tukawa tunatwanga pamoja na kula pamoja.

Mwaka huo mchi niliushika mimi. Twa, twa, twa. Mara Bibi Warde huyo, katoka mbio na kandambili mguu mmoja, akanipokonya mchi! Mimi Leonida, kwenye kinu changu mwenyewe!

"Anasemaje huyu?" nikauliza.

Mama Samiri alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Anasema unatwanga kama unaua nyoka. Anasema kwao asubuhi ya sikukuu kila nyumba inatwanga, na alijua hataisikia tena sauti hiyo."

"Mwambie anirudishie mchi wangu!"

Wapi! Tukavutana weee, mwisho tukapokezana, na kila nikikosea ananichapa kikofi. Siku hiyo alikula sahani mbili. Nilifurahi nikataka kulia, ila sikumwonyesha.

Januari Bibi Warde akamwita mume wangu, Josephati, akamwonyesha kwa mikono: kinu, kikubwa, cha kwake. Josephati akachonga. Siku ya kukipeleka nikafuatana naye. Kufika mlangoni, sanduku halipo. Kumbe ameondoka bila hata kuniaga?

Nikakimbilia jikoni. Sanduku lile pale, wazi, limejaa majani makavu, na tetea niliyempa Krismasi kaatamia mayai humo. Bibi Warde kakaa kando yake, anachambua mchele. Nikanyoosha mkono nimguse kuku, akanichapa kikofi.

"Wacha!" akasema kwa Kiswahili chake. "Huyu kwake hapa."