Dereva Asiyekaa Kitini

Mtaani wanamwita Mama Meno, na jina hilo limetoka kwenye jasho lake. Hutengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, chenye harufu ya nta iliyoyeyushwa. Anayo kanuni moja ambayo hailegezi: meno hupangwa kwanza kwenye nta, mwenyewe ayajaribu, aume, aongee, acheke. Akiridhika, ndipo yanakazwa moja kwa moja. "Mdomo ni wa mwenyewe," husema. "Mimi napiga hodi tu."

Kaka yake mkubwa, aliyekuwa fundi redio, alipopofuka macho yote mawili, Mama Meno alimchukua akae kwake. Kaka alikuja na begi moja, na gari dogo la plastiki, la vipande vya kuunganisha kwa gundi, alilolijenga mwenyewe ujanani. Miaka yote lilikaa kwenye meza yake ya kazi. Siku ya kuhama, mzigo ukaliangukia. Paa liling'oka, nguzo zake mbili zikavunjika, ekseli ya mbele ikakatika, taa moja haikuonekana tena.

"Litupe," kaka alisema. "Gari na mwenye gari, wote chuma chakavu."

Begi nalo hakulifungua. Wiki ziliisha, yeye ameketi ukingoni mwa kitanda kama mtu anayengoja kuitwa. Akiulizwa, anacheka kidogo. "Nitarudi kwangu, mdogo wangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hilo jembe silioni."

Kurudi kwake maana yake ni nyumba tupu, jiko la moto, na giza. Mama Meno aliomba Mungu amfungulie njia ya kumtuliza ndugu yake. Kisha akaliokota lile gari, maana anayeomba naye hunyoosha mkono.

Mumewe alimkuta mezani na pamba na maji ya sabuni, akifuta vumbi polepole. Gari lilikuwa la kijani, limepakwa kwa brashi, mistari ya brashi inaonekana, na mlangoni tone la rangi lilikuwa limeteremka likakaukia hapo kama chozi.

"Si ulipige msasa, ulipake rangi mpya? Liwe kama limetoka dukani."

"Nikikupaka wewe rangi hizo mvi, nitajua nimeolewa na nani?"

Mume akashika kichwa chake, akaondoka.

Chozi aliliacha. Mistari ya brashi aliiacha. Ekseli aliitengeneza kwa ule waya mgumu wa kushikilia meno, taa akaimimina kwa plastiki ya kutengenezea ufizi wa bandia, akaisugua mpaka ikang'aa. Nguzo aliziunga upya. Ndani alimkuta dereva, kijitu cha plastiki chenye kofia, urefu wa kidole, amelala chini ya kiti cha nyuma. Maskini, alifikiri, ajali ilimtupa. Akamketisha mbele ya usukani, akamshikiza, akarudisha paa juu.

Jioni alimwekea kaka mkononi.

Vidole vikaanza safari. Bampa. Taa. "Hii mpya," akasema. Mlango. Hapo vikasimama. "Chozi langu hili! Rangi ilikuwa imebaki tone moja, nikalia mimi, nalo likalia." Mama Meno akavuta pumzi. Kaka akalisogeza gari sikioni, akalitikisa.

Kimya.

Akalitikisa tena. Uso ukazimika.

"Dereva yuko wapi?"

"Nimemketisha kitini, kaka. Alikuwa ameanguka."

"Alianguka siku ile ile nilipolijenga, gundi haikumshika. Kila asubuhi namtikisa, anagonga ndani kama mtu anayechelewa kazini. Macho yalipokwisha, nikabaki na ule mlio." Akaliweka gari kitandani taratibu. "Umefanya vizuri, mdogo wangu. Zuri sana. Ila hili si langu."

Mama Meno akaliangalia lile gari. Amelitengeneza, na kwa kulitengeneza amemfukuza. Akanyoosha mkono kulichukua, na kidole kikagusa ukingo wa paa. Laini. Akakumbuka: mikono yake, kwa mazoea ya kazi, ilikuwa imeshikiza paa na dereva kwa nta.

"Nta!" akapiga kelele. "Kaka, ni nta tu! Sikazi mpaka mwenyewe ajaribu, si unanijua?"

Akalibandua paa kwa ukucha, akamng'oa dereva, akamtupa nyuma bila heshima, akafunika. Akamrudishia kaka.

Kaka akatikisa. Kok-kok-kok.

"Wewe!" akalikemea gari. "Saa hizi ndiyo unaamka?" Akacheka, kicheko kile cha zamani chenye kikohozi katikati, mpaka shemeji yake akaja mlangoni kuangalia.

"Kuna nini?"

"Dereva kafukuzwa kitini," Mama Meno alisema, akipangusa macho kwa kanga. "Mungu ashukuriwe."

Kaka alikuwa anapapasa sakafuni. Alilipata begi, akavuta zipu hadi mwisho.

"Humu kuna kitambaa chake cha kulifutia," alisema. "Nionyeshe rafu ya kuliweka iko wapi. Na hilo paa, kesho likaze kabisa. Mwenyewe nimeshajaribu."