Musalaba mu Nyungu ya Mihogo

Juzi mujukuu wangu aliingia na kofia ya parti yake ya siasa, anacheka, hata mulango hakufunga. Miye nikasikia harufu ya mihogo ya kulowana, na mu nyumba hamukuwa muhogo hata moja.

Hapa Kamina, inchi ikiwa imetoka tu kupata uhuru, baba alikuwa na parti ndogo ya bakristu, bantu kumi na mbili tu. Balipiga magoti mbele ya kusema mambo ya inchi, na karte zabo, kadi za parti, zilikuwa na musalaba. Basi miye, mutoto mudogo, nikawaza parti na kanisa njo kitu kimoja.

Muchana moja baba akiwa ku kazi, bijana ba parti kubwa balifika na fimbo. Jirani yetu balishamufunga sababu ya karte moja tu ya parti ya baba. Mama alikuwa ameficha karte zote mu nyungu, chini ya mihogo. Musalaba mu maji ya kunuka! Niliogopa Mungu, bale bijana hapana.

“Mutoto, karte za baba yako ziko wapi?” mukubwa wabo akauliza. Alivaa rozari mu shingo, nikamuamini.

“Mama ametupa Yesu mu mihogo.”

Mama alisimama na mwiko. Kijana akainamia nyungu, harufu ikamupiga, akatema mate.

“Mama, lisha huyu mutoto! Njaa imemupanda mu kichwa.”

Bakacheka, bakaenda.

Mama akanipiga vibaya, kisha akanikumbatia, analia. Siku ya Mungu, siku ya misa, nilienda kwa padri, nikaungama zambi ya mama ya kutupa Yesu. Yangu sikuijua.